Jina moja, matawi mawili, kauli mbili

SWALI: Nauza vipuri vya pampu. Msambazaji wangu ni mkubwa: tawi moja hunipa punguzo na siku 30 za kulipa, jingine linadai taslimu na halipokei vipuri vibovu nikivirudisha. Si kampuni ile ile?

JIBU: Ni ile ile, ndugu yangu, ila kila meneja ana lengo lake la mauzo. Nilikaa kaunta miaka mingi. Mteja wa tawi jingine tulimwona mgeni tu. Usigombane na kijana wa kaunta, hana mamlaka. Omba makao makuu wakuandikie masharti yako, ambatanisha nakala kwenye kila oda. Na fungua boksi kabla ya kusaini hati ya mzigo. Ukishasaini, hata mimi ningekuruka.