Maswali ya Wasomaji: Msprusi Mweusi, Moto na Ardhi Iliyoganda

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba kaskazini mwa Kanada upo msprusi mweusi, mti wa koni wenye majani kama sindano, ambao shina lake halizidi unene wa mkono wa mtu, ilhali umri wake umepita miaka 100. Je, huo ni mti mfupi kwa asili yake, au kuna kitu kinachouzuia kukua?

JIBU: Ndugu msomaji, msprusi mweusi si mfupi kwa asili. Ukiota mahali ambapo maji hayatuami na udongo una rutuba kiasi, huweza kufikia urefu wa mita 15 au hata 20. Mti wa jamii hiyohiyo ukiota kwenye kinamasi unaweza kuishi zaidi ya karne moja bila kupita mita tano, na pete zake za kila mwaka, yaani duara za ukuaji ndani ya shina, huwa nyembamba kiasi kwamba mtafiti hulazimika kuzihesabu kwa darubini.

Sababu iko chini ya mti. Katika taiga ya Amerika Kaskazini, yaani misitu ya nchi za baridi inayoanzia Alaska hadi Newfoundland, udongo ni baridi muda mrefu wa mwaka, na sehemu kubwa ya Alaska, Yukon na maeneo jirani ina tabaka lililoganda ambalo haliyeyuki hata majira ya joto. Mizizi haiwezi kupenya tabaka hilo, kwa hiyo mingi husambaa katika sentimita 20 hivi za juu. Katika baridi hiyo majani yaliyoanguka huoza polepole mno, na naitrojeni ambayo mti unaihitaji hubaki imefungwa ndani ya mboji.

Juu ya hayo yote hutanda kuvumwani, yaani ile mimea midogo ya kijani isiyo na mizizi ya kweli, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu mimea hii midogo ndiyo inayoendesha mambo mengi msituni humo. Ikikauka wakati wa kiangazi huzuia joto lisishuke ardhini. Ikilowa na kuganda majira ya baridi yanapoanza, huruhusu joto litoke, na hivyo udongo hubaki baridi mwaka hadi mwaka. Baadhi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, jambo ambalo ni msaada mkubwa katika udongo maskini. Lakini tabaka hilo likiendelea kupanda, hufukia sehemu ya chini ya shina, na mti hujibu kwa kuchipua mizizi mipya juu zaidi huku ile ya zamani ikifa kwa baridi na kukosa hewa. Ndiyo maana anayehesabu pete kwenye usawa wa ardhi anaweza kukosa miaka mingi ya mwanzo: kitako halisi cha mti kimezikwa.

Katika nyanda za udongo wa mfinyanzi kwenye mpaka wa Ontario na Quebec, majimbo ya Kanada, msitu usipoungua kwa muda mrefu tabaka hilo hunenepa, maji hupanda karibu na uso wa ardhi, na miti huzidi kudumaa.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mti huu unahitaji moto ili uzaliane? Na kama ni kweli, kwa nini wataalamu wanahofia moto wa miaka ya karibuni?

JIBU: Ni kweli kwa sehemu kubwa, na hofu hiyo nayo ni ya haki. Koni za msprusi mweusi, yaani vifuko vigumu vinavyobeba mbegu, hukusanyika karibu na kilele, zikiwa zimegandishwa kwa ulimbo, na nyingi hukaa mtini kwa miaka mingi bila kumwaga mbegu zote. Moto ukija, hupanda kupitia matawi ya chini hadi kileleni na kuua mti wenyewe, kwani gome lake ni jembamba na mizizi iko juujuu. Hata hivyo joto huyeyusha ulimbo, koni hufunguka, na mbegu ndogo mno, ambazo takriban 900,000 zinahitajika kufikisha kilo moja, hudondoka katika miezi na miaka michache inayofuata juu ya ardhi ambayo moto umeipunguzia mboji. Kwa namna hiyo msprusi hurithi mahali pa msprusi, mradi moto urudi baada ya muda mrefu wa kutosha.

Sharti hilo ndilo linaloanza kuvunjika. Mti unaweza kuzaa koni ukiwa bado mchanga, lakini akiba ya mbegu inayoweza kujaza msitu upya huhitaji miongo kadhaa. Moto wa pili ukitangulia, hakuna cha kurithisha. Aidha, kiangazi kikiwa kikavu sana moto hula mboji hadi chini na kufunua udongo wa madini, ambako mbegu nyepesi za mibetula na mipopla, miti ya majani mapana, huletwa na upepo na kuota kwa kasi inayomwacha msprusi nyuma. Huko Alaska, ambako takriban hekta milioni 2.7 ziliungua mwaka 2004, mabadiliko ya namna hiyo yameonekana pale moto ulipounguza kwa kina. Mwaka 2023 Kanada ilipoteza zaidi ya hekta milioni 15 kwa moto. Wanaosema kwamba msitu huu umezoea moto na uachwe tu, kwa maoni yangu, wanasahau kwamba ulizoea moto unaorudi baada ya muda mrefu. Wanasahau pia kwamba kaboni nyingi ya msitu huo imo ardhini kuliko ilivyo kwenye miti, na mboji ikiungua, ardhi iliyoganda hupoteza kifuniko chake.

SWALI: Kwenye picha nimeona misprusi midogo ikiuzunguka mmoja mkubwa. Je, yote imetokana na mbegu?

JIBU: Mara nyingi sivyo. Matawi ya chini hulemewa na theluji, hugusa ardhi, hufunikwa na kuvumwani, kisha hutoa mizizi na kuinuka kama miti inayojitegemea, yenye urithi uleule wa mama. Karibu na mpaka wa kaskazini wa miti, ambako majira ya joto ni mafupi mno kukomaza mbegu, hii ndiyo njia kuu ya msprusi kudumu. Wakata miti wa Quebec, wanaouthamini kwa nyuzi zake ndefu na imara za kutengenezea karatasi, hupitisha mashine zao katika njia maalumu ili miche hiyo isikanyagwe, kwa kuwa ndiyo itakayokuwa msitu unaofuata.