Wadogo zangu wa saiti, paa halivuliwi kwa sababu tu tarehe imefika

Juzi nimepita saiti moja hapa Dodoma wanakarabati jengo la kale, nikamkuta mratibu mpya kabandika ratiba ukutani, ina rangi, imepangika, kuvua paa wiki ya pili ya Novemba. Nikamuuliza mbao ziko wapi, akasema ziko njiani. Wadogo zangu nawapenda ila hili tumeshaliongea sana, sasa naliandika.

1. Kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na jengo likishatangazwa kulindwa hugusi hata fremu ya dirisha kabla hujamalizana na watu wa Mambo ya Kale. Siku zao za ukaguzi ziingie kwenye ratiba, msiwapigie mafundi wakiwa wameshapanda skafoldi.

2. Paa, na hapa someni taratibu. Nikiwa bado mgeni kwenye hii kazi nilipewa ratiba ya boma la zama za Mjerumani, yale ya miaka reli inafika Dodoma, 1910 hivi, kuta za mawe na udongo, juu plasta ya chokaa, bati limeoza. Nikapanga tuvue mwanzo wa Novemba, mninga wa Tabora ungefika ndani ya wiki. Kumbe mbao sina, nina LPO tu, ile karatasi ya oda. Msambazaji akachelewa kupata TP, kile kibali cha kusafirisha mbao, ilipotoka lori nalo likawa linatembea mchana peke yake kwa sababu wakati huo mazao ya misitu hayakuruhusiwa kusafirishwa usiku, giza likiingia linapaki, kufika mizani ekseli moja imezidi uzito, mzigo ukashushwa ukapangwa upya. Huku saiti mafundi wanalipwa kwa siku, nikaona wasikae bure, nikawaambia endeleeni kuvua. Wakavua lote. Kenchi za zamani, zile fremu za mbao zinazobeba paa, ambazo bado nzima tukazipanga uani, kila moja na namba yake, tumeandika kwa chaki. Turubai zilizokuwepo zilikuwa za kufunikia saruji, hazitoshi hata chumba kimoja.

Mvua ya Dodoma mnaijua, miezi na miezi kimya halafu usiku mmoja inashuka yote. Asubuhi nakuta ukuta wa ndani plasta imevimba, ukibonyeza kwa kidole linatoka donge zima na nyuma yake udongo umekuwa uji. Sakafuni vipande vya plasta vinaonyesha rangi tabaka kwa tabaka, nyeupe, ya maziwa, kijani, watu walizipaka miaka hiyo yote na sisi tulikuwa hatujazipiga hata picha. Hizo hazirudi, na mpaka leo nikipita pale siwezi kuutazama ule ukuta. Uani chaki yote imefutika. Seremala wetu, mzee wa watu, akakaa na zile kenchi akawa anazilinganisha moja moja kwa matundu ya misumari hadi nyingi akazijua zinakaa wapi. Hakunisema hata neno, na ningeona afadhali angenisema.

Kwa hiyo bati la kwanza halishuki mpaka mbao, misumari, bati jipya na turubai za paa zima ziwe stoo na umezihesabu kwa macho yako, sio kwa kumpigia stoo kipa. Vueni kipande kwa kipande, mlichofunua asubuhi jioni kifunikwe. Namba pigeni kwa msumari kwenye kipande cha bati, mfunge kwa waya. Na mlenge paa liwe limefungwa Oktoba, mvua huku inaanza mwisho wa Novemba au Desemba, inaenda mpaka Aprili.

3. Chokaa ilazwe kwenye maji wiki nyingi kabla haijahitajika. Upepo wa Agosti na Septemba unakausha plasta kabla haijashika, kwa hiyo magunia mabichi na mtu wa kuyamwagia maji viwe kwenye BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama, tangu mwanzo. Bosi akisema changanyeni saruji tuwahi, kataa, tena kwa maandishi, saruji inafungia unyevu ndani na ukuta wa udongo unaoza taratibu huku nje unang'aa.

4. Watu. Mvua zikianza vibarua wanakwenda shamba, uwele na mtama haviwasubiri nyie, basi kazi za kubeba zipangeni kabla. Fundi wa chokaa unayemtoa Zanzibar au Bagamoyo mtafutie chumba mapema, kwa sababu Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni gesti zinajaa na bei inapanda kila wiki. Nimeshaona fundi mwenye heshima zake analala stoo katikati ya mifuko ya chokaa, mtu ambaye mkono wake ndio tulikuwa tunautegemea. Mlipieni chumba Machi, miezi yote, na risiti mpeni yeye aishike.