Kibao cha nje cha Correx (ubao wa plastiki wenye mirija ndani), unene wa mili (milimita) ngapi?

*Nataka kibao cha duka cha Correx, futi 2 kwa 3, cha kuweka ukutani hapa Malindi. Mili ngapi?*
Nne. Hili nishalijibu sana, tafadhalini someni ya nyuma kabla ya kutuma.

*Bango langu la Correx huko Shela halikumaliza mwaka, sasa lavunjika vipande nikiligusa tu. Safari hii nitie mili 10?*
La, ndugu yangu, usitupe pesa. Hilo limeuliwa na jua, si wembamba. Plastiki hii isipotiwa dawa ya kuzuia jua kiwandani inakauka na kukatika, na mili 10 bila dawa itakatika vilevile, tena umelipa zaidi. Kila mtu anauliza unene hakuna anayeuliza dawa wala uzito, manake hata mili 4 haziko sawa, kuna ya gramu 500 kwa mita mraba na kuna ya gramu 800, ukizitazama ni moja lakini bonyeza na dole gumba, ile nyepesi inabonyea na mirija inalala hapohapo. Fundi akishindwa kukwambia gramu na dawa, nenda kwa mwingine.

*Langu ni futi 4 kwa 8, nguzo mbili kando, kusi imelikunja katikati kama kitabu.*
Mirija uliisimamisha, sivyo? Ubao huu hujikunja kufuata mirija. Nguzo zikiwa kushoto na kulia, mirija ilale itoke nguzo hadi nguzo. Kwa ukubwa huo nenda mili 8 au 10 na uweke fremu nyuma, boriti za mkoko zatosha. Vile vibao vidogo vya kuchomeka chini ndivyo mirija yake husimama, ndo vijiti viingie.

*Misumari ya kawaida yafaa?*
Haifai, chumvi ya bahari itaila na kutu ishuke kwenye maandishi. Tumia skrubu za stenlesi na washa pana, na tundu liwe kubwa kuliko skrubu kidogo kwa sababu plastiki hutanuka kukiwa na joto, ukiibana sana itajikunja.

*Na nyumba ya wageni mji wa kale Lamu?*
Pale usitoboe ukuta kabla ya kuuliza watu wa makavazi, mji ule uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na kuta zile ni matumbawe na chokaa, zinamomonyoka. Mimi plastiki pale siipendi kabisa, ya mili yoyote. Mafundi wa kuchonga milango wapo papo hapo, mpe mmoja kipande cha mbao akuchongee jina.