Wasomaji Wanauliza: Vyombo vya Kuchemshia Maji ya Kimea

SWALI: Nimezoea kutengeneza bia nyumbani kwa rojo la kimea la kopo. Sasa nataka kuanza na nafaka yenyewe, lita 20 kwa upishi mmoja. Nina jiko la gesi lile linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6, na sufuria ya alumini ya lita 25. Vinatosha?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

JIBU: Sufuria ni ndogo, na hilo jiko tafadhali usilitumie kabisa kwa kazi hii.

Ukitaka lita 20 za kuchachusha, anza kuchemsha na lita 25 au 26 za maji ya kimea, yaani maji yaliyolowekewa kimea na kuchujwa. Kama lita 4 zitaondoka na mvuke kwa saa moja, na nyingine zitabaki chini pamoja na machicha ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu). Ukijumlisha uzito wa sufuria, mzigo unafika kilo 30. Mtungi mdogo haukutengenezwa kubeba hivyo. Ukikoroga kwa nguvu unaweza kupinduka, na maji ya kimea yana sukari, yakimwagikia ngozi yanaganda hapo hapo na kuendelea kuunguza. Nunua jiko la chuma la kukaa chini, lenye miguu imara, mpira na regulata yake, na mtungi ukae mbali na moto. Chukua mtungi wa kilo 15. Ule wa kilo 6 ukifunguliwa sana kwa muda mrefu hupoa hadi kutoa jasho, presha inashuka, na moto unafifia katikati ya kazi. Upishi mmoja wa lita 20, tangu kupasha maji ya kulowekea kimea, hula karibu kilo moja ya gesi.

Sufuria isipungue lita 35. Ya lita 40 ndiyo tunayoipendekeza. Dakika za mwanzo za mchemko protini huumuka na povu hupanda kwa sekunde chache tu. Kaa karibu, punguza moto, nyunyiza maji baridi. Povu likishuka utaona vipande vyeupe vikielea, kama yai lililokorogewa kwenye supu. Hapo ndipo uanze kuhesabu muda na kutia hopsi.

Alumini si mbaya. Ikiwa mpya, chemsha maji matupu nusu saa hadi ndani pawe na rangi ya kijivu, na usiisugue kwa stilwaya, kwa sababu utando huo ndio kinga yake. Usiioshe kwa kostiki soda, itaila. Tunachokataa ni sufuria nzito za kusubu kwa vyuma chakavu: zinaweza kuwa na risasi (madini yenye sumu), na maji ya kimea yana uchachu wa kutosha kuitoa. Mwenye uwezo anunue stenlesi, haichagui sabuni.

Jambo ambalo mapishi mengi ya Ulaya hayasemi: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Uchungu wa hopsi hapo hutoka kwa kasi ya kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Chemsha dakika 90 badala ya 60. Muda huo ni muhimu zaidi kwa kimea cheupe cha lager, ambacho bia yake hunuka kabichi mchemko usipotosha. Kwa sababu hiyo hiyo, usifunike sufuria: harufu hiyo hutoka na mvuke, na matone ya kwenye mfuniko huirudisha ndani.

SWALI: Fundi ameniambia hita ya wati 1,500 ya kuchemshia maji ya kuoga itaniondolea gharama ya gesi. Ni kweli?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Itachemsha, lakini kwa uvivu. Kupandisha lita 26 kutoka nyuzi 65, joto la kuloweka kimea, hadi 97, ambako maji huchemka hapo Moshi, kunahitaji uniti moja ya umeme, kabla hujahesabu joto linalopotea hewani. Kwa hita hiyo utangoja karibu saa nzima, kisha upate mchemko dhaifu usiotoa hata lita 2 za mvuke kwa saa. Tena koili yake ni fupi na kali, sukari huungulia juu yake na bia ikawa na ladha ya moshi.

Tafuta hita ndefu ya wati 3,000, iliyokunjwa mara nyingi. Huo ndio mwisho wa plagi ya ampea 13. Kumbuka umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, hita ya wati 3,000 inakupa kama 2,270 tu, kwa hiyo viringisha sufuria kwa kitu cha kuhifadhi joto. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, usiache rola (waya wa kurefusha umeme) imejikunja, na ethi (waya wa kwenda ardhini) iwe ya kweli. Koili isiwashwe kabla haijazama yote.

SWALI: Koki ya shaba kwenye sufuria inafaa?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

JIBU: Chukua ya stenlesi ya nusu inchi, yenye nati na washa za silikoni, mpira wa kawaida hutoa harufu ukipata moto. Ifungue yote na kuiosha baada ya kila upishi, maana uchafu hujificha ndani ya gololi yake.