Panya wawili, jina moja

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma baolojia Morogoro. Nimeandika programu ya kufuatilia panya weupe wawili, wakiwa juu ya pumba nyeupe za mbao, kwenye video iliyopigwa kutoka juu. Wakipandana, ikija kuwaachanisha inabadilisha majina. Pia inadai panya aliyelala ametembea mita kadhaa!

JIBU: Marahaba. Programu yako inaunganisha kila doa, yaani umbo la panya kwenye picha, na lililo karibu nalo katika fremu (picha moja ya video) iliyotangulia, sivyo? Madoa mawili yakishakuwa moja, ukaribu hausaidii tena. Kwa panya wawili tu, mimi ningemchora mmoja mgongoni kwa kalamu isiyo na sumu, na kurudia mara kwa mara maana hujilamba. Wenye haraka hukimbilia DeepLabCut, programu ya kutambua viungo vya mnyama kwenye video, iliyotoka 2018, na ni ya bure. Ni nzuri: ukiiwekea alama za pua, masikio na shina la mkia kwenye fremu kama 200, hujifunza. Lakini wanaofanana bado huweza kuichanganya.

Halafu hiyo sakafu. Panya mweupe juu ya pumba nyeupe za mbao? Weka sakafu nyeusi isiyong'aa kabla hujagusa msimbo.

Huyo anayetembea usingizini ni mtikisiko wa kipimo. Kitovu cha doa husogea pikseli moja huku na huku, na kwa fremu 30 kila sekunde masafa hayo ya uongo hujumlishwa. Chukua thamani ya katikati (median) ya nafasi za kitovu katika fremu tano, kisha usihesabu mwendo ulio chini ya kiwango utakachopima kwa panya aliyetulia.