Pwani ipi Uingereza tuwapeleke watoto, na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji linasomwaje?

SWALI

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku na tunaishi Coventry na watoto wetu wawili, wa miaka 7 na 11. Kiangazi kilichopita tulikwenda Weston-super-Mare. Tulipofika tukakuta bahari imekwenda mbali, mbele yetu matope matupu. Mwanangu mkubwa akaanza kuyafuata maji, mlinzi akamkimbilia na kumrudisha kwa ukali. Niliona haya, maana nimekulia ufukweni na bamvua na maji mafu nayajua tangu utotoni. Agosti hii tunataka pwani nzuri hasa, ya kuogelea na ya kutembea. Twende ipi? Na hilo jedwali la maji la huku linasomwaje?
Mama wa wawili, Coventry

JIBU

Usione haya, dada yangu. Uliyofundishwa Tanga ni sahihi na huku pia: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine; juma moja mbele, maji mafu, hayajai wala kupwa sana. Kilichobadilika ni kipimo. Bamvua ya kawaida ya Tanga haifiki mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa. Weston inapita mita 11. Ile Bristol Channel, mkono wa bahari ambako Weston iko, ina umbo la faneli, pana upande wa Atlantiki, nyembamba na yenye kina kidogo kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo maji yanayoingia hubanwa na kupanda. Tena urefu wake unakaribia kuoana na mdundo wa kupwa na kujaa kwenyewe, na kila kujaa huongezewa nguvu. Ni miongoni mwa sehemu zenye kupwa na kujaa kukubwa kabisa duniani. Na yule mlinzi alifanya kazi yake vizuri: tope la Weston humeza mguu hadi pajani, na maji yakirudi hayamngoji aliyenasa.

Kazi yangu ni kupima vina vya bahari, kwa hiyo nitaanza na jedwali kabla ya pwani. Huku uzuri wa ufukwe unategemea saa uliyofika.

Chukua Swansea, kusini mwa Wales, kwa sababu ndiko nitakakokupeleka. Siku ya bamvua jedwali linaweza kukuandikia 06:30, mita 9.5 (kujaa), kisha 12:40, mita 1.0 (kupwa). Mita hizo si kina cha maji pale uliposimama. Zinahesabiwa kutoka kiwango cha chini mno ambacho bahari hufikia mahali pale, kwa hiyo unachotakiwa kufanya ni kutoa moja kwa nyingine: 9.5 kutoa 1.0 ni mita 8.5. Huo ndio mwinuko wa siku hiyo. Fanya hivyo siku ya maji mafu utapata kama mita 4. Yaani maji mafu ya Swansea yanaipita bamvua ya Tanga! Ukilishika hili moja tu, umekwisha kuelewa kwa nini mazoea ya nyumbani hayatoshi huku.

Sasa angalia saa. Majedwali mengi yaliyochapishwa hutumia saa za Greenwich mwaka mzima, ilhali kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele saa moja. Ile 12:40 kwenye karatasi, kwa saa ya mkononi mwako mwezi wa Agosti ni 13:40, yaani saa nane kasorobo hivi mchana. Programu za simu kwa kawaida zimekwisha kurekebisha, vitabu vingi havijarekebisha. Soma maandishi madogo juu au chini ya jedwali kabla ya kuongeza, usije ukaongeza mara mbili. Mtu anaweza kukatiwa njia na maji huku si kwa uzembe, ila kwa kukosea saa hiyo moja.

Kisha kuna mwendo. Maji hayajai kwa kasi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Gawa mwinuko mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni kanuni ya kukadiria tu, lakini inafaa. Nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Kwa mwinuko wa mita 8.5 hiyo ni zaidi ya mita 2 kwa saa moja, kwenda juu. Kwenye mchanga tambarare unaoshuka mita 1 kwa kila mita 100, ukingo wa maji unakuja zaidi ya mita 200 kwa saa, na hujaza kwanza mabonde ya mchanga nyuma yako. Mtoto aliyeketi anachimba mchanga hana habari.

Basi, pwani. Mimi ningewapeleka Rhossili, kwenye rasi ya Gower, magharibi ya Swansea, mwendo wa saa tatu na nusu hivi kwa gari kutoka kwenu. Gower ilikuwa sehemu ya kwanza Uingereza kulindwa rasmi kwa uzuri wa mandhari yake, mwaka 1956, na ukisimama juu ya genge, ule mwamba mrefu wa pwani, pale Rhossili huhitaji kuelezwa sababu. Chini yako kuna karibu kilomita 5 za mchanga, nyuma yake kilima cha majani, mbele Atlantiki. Hakuna hoteli zilizopangana ufukweni. Unashuka kwa miguu, na kupanda tena ni kazi, kwa hiyo msibebe vitu vingi.

Utamu wa kuchagua tarehe uko hapa. Katika eneo lile siku za bamvua maji hupwa mchana, kati ya saa saba na saa nane kwa saa za kiangazi. Mchanga unakuwa mpana ajabu, na mbavu za mbao za Helvetia, jahazi la Norway lililovunjika mwaka 1887, husimama wazi mchangani. Hiyo ni siku ya kutembea. Siku za maji mafu, maji huwa yamejaa mchana, hayajai wala kupwa kwa fujo, na hiyo ni siku ya kuogelea. Ila kwa kuogelea watoto wapeleke Caswell, upande wa Swansea wa rasi hiyo hiyo, ambako kiangazi walinzi huweka bendera. Rhossili msiitegemee kwa hilo.

Mwanao wa miaka 11 ataiona Worm's Head na atataka kwenda. Ni kisiwa kirefu cha mawe mwishoni mwa ghuba, kinachounganishwa na nchi kavu kwa miamba maji yakipwa. Njia huwa wazi saa mbili na nusu kabla ya kupwa na saa mbili na nusu baada yake. Miamba ni mikali na inateleza, kuivuka huchukua muda. Weka saa ya kurudi kabla hamjaondoka, na iwe mapema kuliko mwisho wa njia. Mkikuta imefungwa, bakini kisiwani msubiri. Msijaribu kuvuka kwa kuwa mnaiona nchi kavu iko karibu.

Wa miaka 7 akiwa bado mwoga wa maji, basi Studland, Dorset, ndiyo afadhali. Pale mawimbi ya kujaa yanayoingia kutoka pande mbili za mfereji wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa hukutana kwa namna ya kupunguzana, hata siku ya bamvua mwinuko haufiki mita 2 na nusu. Mchanga ni mweupe, kina kinaongezeka polepole, na kutoka Sandbanks mnavuka kwa kivuko kinachojivuta kwa minyororo, jambo ambalo watoto hulipenda. Nikutahadharishe: sehemu moja ya ufukwe huo imetengwa kwa wanaokaa bila nguo. Ina vibao, kaeni upande wenu.

Porthcurno kule Cornwall naitaja kwa kuwa moyo wangu uko huko, ijapokuwa kutoka Coventry ni safari ya kulala. Ni kighuba kidogo kati ya magenge, maji ya rangi ya feruzi. Mwaka 1870 waya wa telegrafu wa chini ya bahari kwenda hadi Bombay ulianzia mchangani pale, na kuanzia 1879 Unguja nayo iliunganishwa kwenye mtandao huo kupitia Aden. Luskentyre, katika kisiwa cha Harris huko Uskoti, ina mchanga unaofanana kabisa na wa kwetu, lakini hilo ni la likizo ya juma zima.

Jambo ambalo Tanga haikukufundisha ni baridi. Agosti bahari ya Gower huwa nyuzi 17 au 18 hivi. Mtu akiingia ghafla, kifua hubana na pumzi hukatika hata kama ni mwogeleaji hodari. Ingieni taratibu, watoto wavae suti za mpira. Akianguka majini asipigane na maji: alale chali, masikio ndani ya maji, mpaka pumzi itulie, ndipo aite au aogelee. Vivyo hivyo akivutwa na mkondo wa kwenda kilindini, maana hakuna anayeushinda kwa kuogelea moja kwa moja kurudi. Akielea na kuinua mkono ataonekana. Akiweza, aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani ya mkondo.

Kwenye bendera, nyekundu juu na njano chini ndipo mnapooga, katikati ya hizo mbili. Nyekundu tupu, hakuna kuingia. Yenye miraba myeusi na myeupe ni ya wenye mbao za mawimbi. Maboya ya kupulizia yaacheni nyumbani, upepo wa kutoka nchi kavu huyachukua na mtoto juu yake. Mvua kubwa ikinyesha subirini siku moja au mbili kabla ya kuoga, maana maji machafu ya mitaro hufurika baharini. Na ukiona mtu amezidiwa, usimfuate majini. Piga 999, sema unataka Coastguard, kikosi cha uokoaji baharini, uwatajie jina la ufukwe, na usiondoe macho kwake.