Fundi Anajibu: Kufunga Kompresa ya Upepo Kwenye Gari la Porini

Mwezi huu barua nne zimenifikia zikiuliza jambo moja kwa njia tofauti, nami nimeona nizijibu kwa pamoja, ile ya kwanza kwa urefu zaidi kwa sababu makosa inayoyataja ndiyo ninayokutana nayo gereji mara kwa mara.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu na ninaendesha Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, umeme wa volti 12. Nikienda Engaruka na Ziwa Natron hulazimika kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, na wakati wa kurudi sina pa kujazia mpaka nifike Mto wa Mbu. Nimenunua kompresa ya kufungwa ndani ya gari, pamoja na tangi la lita 4. Fundi wa hapa anataka kuifunga nyuma, chini ya bampa, na umeme auchukue kwenye soketi ya kuwashia sigara kwa sababu waya wake tayari una fyuzi. Je, yuko sahihi? Na je, tangi hilo litanisaidia kujaza matairi upesi?
Dereva, Karatu

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kompresa umekwisha kuinunua, na hilo ndilo lililokuwa jepesi. Kitakachoamua kama itakutumikia miaka mingi au msimu mmoja tu ni waya utakaoilisha umeme na mahali utakapoiweka, na katika yote mawili ninakuomba usimkubalie fundi huyo.

Tuanze na umeme. Kompresa ya namna hiyo, upepo unapokuwa umepanda, hula kati ya ampea 25 na 30, ilhali waya wa soketi ya kuwashia sigara kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15. Fyuzi hiyo itakatika siku ya kwanza, na hapo hakuna madhara, maana imefanya kazi yake. Hatari inakuja siku ya pili, pale mtu aliyechoka kubadilisha fyuzi anapoweka ya ampea 30 kwenye waya uleule mwembamba. Niliwahi kuletewa gari lililofanyiwa hivyo: ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kugandana na zulia chini ya dashibodi kwa urefu wa kiganja changu, na ndani yake shaba ilikuwa imegeuka nyeusi. Dereva alisema alisikia harufu tu, akadhani ni ya breki. Gari hilo siku hiyo lilikuwa na abiria sita.

Hesabu ya waya haihitaji elimu kubwa. Kutoka kwenye betri hadi nyuma ya gari ni kama mita 4, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu mita 8. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba na kupitisha ampea 30, utapoteza njiani volti 1.7 hivi, maana yake kompresa inayostahili kupata volti 13.8 wakati injini inaunguruma itapata 12.1, na injini ikiwa imezimwa hali itakuwa mbaya zaidi. Mota inayonyimwa volti huzunguka polepole, hujaza polepole, na kwa hiyo hukaa kwenye joto muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Waya wa milimita 10 za mraba kwa umbali huohuo hupoteza volti 0.4 tu. Na ukiifunga kompresa chini ya boneti, mita moja tu kutoka kwenye betri, waya wa milimita 6 za mraba utatosha bila wasiwasi. Hiyo ni sababu ya kwanza inayonifanya nipendelee chini ya boneti.

Fyuzi iwe ya ampea 40 na ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa chake cha chanya, kwa sababu waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Ukisuguana na bodi na kuchubuka hapo, betri nzima itamwaga nguvu zake mahali pamoja. Baada ya fyuzi ifuate relei, yaani swichi ya sumaku inayoamrishwa na umeme mdogo, yenye nambari kwenye miguu yake: nambari 30 ipokee umeme wa betri, nambari 87 iupeleke kwenye kompresa, 85 iende hasi, na 86 ipate umeme kupitia swichi ya dashibodi, nayo swichi ilishwe na mstari unaowaka ufunguo unapofunguliwa. Kwa mpango huo swichi ndogo hubeba umeme kidogo sana, na kompresa haiwezi kubaki ikifanya kazi usiku kucha ukiwa umelala kambini. Waya wa hasi usiishie kwenye bolti yoyote iliyo karibu. Urudishe hadi kichwa cha hasi cha betri, kwa maana kutu na rangi chini ya nati hula volti kimyakimya.

Kazi ikiisha, usiondoke gereji kabla ya kupima. Washa injini, washa kompresa ikiwa imefungwa kwenye tairi, kisha weka mita ya umeme kwenye vichwa vya betri, halafu kwenye nyaya za kompresa yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea, na kiungo hicho utakigundua kwa kukigusa kwa uangalifu, kwani kitakuwa na moto kuliko vingine.

Sasa mahali. Chini ya bampa ya nyuma ndipo vumbi la gari lako lenyewe linapojikusanya, na wewe unapita Natron, ambako vumbi lina majivu ya volkano ndani yake, laini kama unga na kali kama msasa. Kompresa nyingi za volti 12 hazitumii oili. Pistoni yake ina pete ya Teflon inayoteleza yenyewe ndani ya silinda, na vumbi likipenya kwenye chujio pete hiyo huliwa haraka sana. Nimeona fundi akijaribu kuiponya kompresa iliyochoka kwa kumimina oili kwenye mdomo wa kunyonyea hewa. Tafadhali usiruhusu jambo hilo: oili hukusanya vumbi na kuwa matope ndani ya silinda, na chombo kilichokuwa na uhai wa miezi kadhaa hufa wiki hiyohiyo.

Chini ya boneti kuna joto, hilo sikatai, na hewa ya moto ina uzito mdogo, kwa hiyo kompresa hujaza pungufu. Chagua upande ulio mbali na manifoldi ya moshi, tengeneza kitako cha bamba la chuma la milimita 3 kinachoshikwa kwenye mbavu ya bodi na si kwenye bati jembamba, weka raba chini yake kwa ajili ya mtetemo, na funga kwa nati zenye nailoni ndani, kwa sababu barabara ya kwenda Serengeti yenye migongo kama ya bati hufungua nati ya kawaida ndani ya safari moja. Kompresa nyingi za aina hii zinakuruhusu kuhamisha chujio kwa mpira mfupi. Lipeleke juu, karibu na ukuta wa kioo cha mbele, palipo pakavu na penye hewa yenye nafuu. Mpira wa kwanza unaotoka kichwani mwa kompresa lazima uwe ule uliosukwa kwa nyuzi za chuma, kwani hewa inayobanwa hutoka na joto linalolainisha mpira wa plastiki hadi upasuke.

Kuhusu tangi, najua nitakukatisha tamaa. Tairi la 7.50R16 hubeba hewa ya ukubwa wa lita 60 hivi. Kulipandisha kutoka PSI 20 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo) hadi 40 kunahitaji zaidi ya lita 80 za hewa ya kawaida. Tangi lako la lita 4 likijazwa hadi PSI 150, kisha likashuka hadi 40, litakuwa limekupa lita 30 tu, yaani tairi moja litapanda kwa PSI 7 na tangi litakuwa limekwisha nguvu. Kuanzia hapo unaitegemea kompresa peke yake, kama vile tangi halipo. Tangi lina kazi yake nzuri: kulazimisha tairi likae kwenye rimu baada ya kubanduka, kupuliza vumbi kwenye chujio la injini, au kulisha difu yenye loki ya upepo, ile inayofungwa kwa upepo ili magurudumu mawili yazunguke pamoja. Kwa kujaza matairi manne, kompresa inayotoa lita 60 kwa dakika bila mzigo itakuchukua takriban dakika mbili kwa kila tairi. Iache injini ikiunguruma muda wote huo, na matairi manne yakiisha ipumzishe kabla ya kumsaidia mwenzako, kwa muda ambao kijitabu chake kimeagiza.

SWALI: Gari langu lilitoka Japani likiwa na betri mbili. Kompresa niliyopata ni ya volti 12. Fundi anasema achukue umeme kwenye betri moja tu. Je, kuna ubaya?
Msomaji, Babati

JIBU: Kwanza hakikisha, maana betri mbili si lazima ziwe volti 24. Ikiwa chanya ya moja imeungwa na chanya ya nyingine, hizo zinasaidiana na gari lako ni la volti 12. Ikiwa chanya ya moja imeungwa na hasi ya nyingine, ni volti 24. Kama ni 24, ubaya upo na ni mkubwa. Oltaneta huzijaza betri zote mbili kwa mkondo mmoja, haijui kwamba moja imenyonywa zaidi. Kwa hiyo ile uliyoichukulia umeme haitajaa kamwe, na mwenzake atajazwa kupita kiasi hadi maji yake yachemke. Utanunua betri mbili kabla ya mwaka kuisha. Badilisha kompresa uchukue ya volti 24, ambayo kwa kazi ileile hula nusu ya ampea, au nunua kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 chenye uwezo wa ampea 40, si kile kidogo cha kulishia redio.

SWALI: Hujambo fundi? Mfumo wa kipupwe (AC) kwenye gari langu uliharibika zamani na siuhitaji. Rafiki ananishauri niitumie kompresa yake, ile inayoendeshwa na mkanda wa injini, kama pampu ya upepo. Inawezekana?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Sijambo, ndugu. Inawezekana, na hujaza kwa kasi kuliko kompresa yoyote ndogo ya umeme, lakini kila kitu kinategemea namna inavyopata oili. Zile za zamani za kampuni ya York zina oili ndani ya tumbo lake, kwa hiyo hustahimili. Zile za kampuni ya Sanden, zilizo nyingi zaidi, hutegemea oili inayozunguka pamoja na gesi ya kupoza. Gesi ikiondoka, nazo hukauka, mpaka uweke kilainishi kwenye hewa inayoingia na kitenganishi kwenye hewa inayotoka. Gesi iliyobaki isimwagwe hewani. Peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kuifyonza.

SWALI: Kompresa yangu ina tangi na swichi ya kujizima. Kila baada ya dakika chache inawaka yenyewe hata kama sijaitumia, na mara mbili imekata fyuzi. Shida ni nini?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Swichi nyingi za aina hiyo huzima karibu na PSI 150 na kuwasha tena karibu na 135, kwa hiyo kuna upepo unaotoroka. Jaza tangi, zima injini, kisha pitisha brashi yenye povu la sabuni kwenye kila kiungo. Penye mapovu fungua, safisha nyuzi za skrubu, funga upya tredi tepu, ile tepu nyembamba ya kuziba viungo, na ukaze. Kama viungo vyote ni vizima, paka povu kwenye mdomo wa chujio la kompresa: likivimba, valvu ya kuzuia upepo usirudi imechafuka, na hiyo ndiyo inayokata fyuzi zako, kwa kuwa mota inalazimika kuanza kuzunguka huku shinikizo la tangi likiikandamiza pistoni. Toa upepo wote kwanza kupitia koki ya chini ya tangi, uone na maji yatakayotoka nao, halafu ndipo uifungue valvu hiyo na kuisafisha.